Mishipa ya damu si bomba la kuzibuliwa

Kuanzia Mtwara mjini hadi Lindi, dawa za "kuzibua mishipa" hazikosi wateja, hasa kwenye familia iliyokwisha kuuguza kiharusi.

Dhana: Mshipa ni bomba, uchafu ukijaa unasuguliwa.

Ukweli: Ndani ya mshipa kumetandazwa tabaka moja la seli hai, endotheli. Ndizo zinazotengeneza naitriki oksaidi, gesi inayoufanya mshipa utanuke. Wanasayansi waliogundua kazi yake, Furchgott, Ignarro na Murad, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1998. Mafuta hayagandi juu ya seli hizo. Hupenya chini yake na kujijenga ndani ya ukuta wenyewe, basi hiyo dawa itasugua nini?

Dhana: Msongo ni wa mawazo tu.

Ukweli: Seli nayo husongwa. Sukari iliyopanda muda mrefu, moshi wa sigara na presha huifanya izalishe molekuli kali za oksijeni zinazoharibu protini na mitokondria zake, yaani vinu vyake vya nishati. Hapo seli huongeza otofaji: hufunga vipande vibovu kwenye kifuko, huvimeng'enya, na malighafi hutumika upya. Yoshinori Ohsumi wa Japani alipata Nobel mwaka 2016 kwa kufumbua utaratibu huo, akianzia kwenye hamira. Wapo wanaoogopa wakisikia seli "inajila". Kwa kawaida inajiokoa. Hatari huja kazi hiyo ikikwama au ikipita kiasi.

Dhana: Ukifunga siku nyingi, mishipa inasafika.

Ukweli: Hii ndiyo inayonitia hofu zaidi. Njaa huamsha otofaji, na hilo limeonekana wazi kwenye hamira na panya. Lakini hospitalini hakuna kipimo cha kawaida cha otofaji kwenye mishipa ya mtu, kwa hiyo anayekuahidi matokeo baada ya saa kadhaa anabahatisha. Mgonjwa wa sukari anayetumia insulini akifunga bila kupangiwa dozi upya, sukari inaweza kushuka hadi akazimia. Anayenuia Ramadhani aende kliniki mapema, iwe hospitali ya Ligula, Mtwara, au Sokoine, Lindi, kabla mwezi haujaandama.

Kutembea kwa kasi kuna faida. Damu ikitiririka vizuri, endotheli hupata ishara ya kuendeleza otofaji. Penye panda za mishipa, damu inakovurugika, otofaji hudorora, na ndiko mafuta hujijenga zaidi. Presha nayo huendelea kuziumiza seli hizi bila kuuma popote, kwa hiyo vidonge vimezwe hata siku kichwa ni chepesi.