Mguu wa gari umekatika: ulilete gereji au fundi aje?

Msimu wa mvua simu nyingi ninazopigiwa ni za miguu ya gari, yaani vifaa vinavyoshika magurudumu na kubeba uzito. Mteja ameingia kwenye shimo lililojaa maji, kimelia "ko!", gari limelala upande mmoja, na swali ni lile lile: "Fundi, gereji si mbali, nije nalo polepole?" Umbali mimi siuulizi. Ninachotaka kujua ni kitu gani kimekatika, kwa sababu huko chini kuna vifaa vya kutuliza mdundo na kuna vifaa vinavyolishika gurudumu lisichomoke.

Shokapu ikivuja oili, njoo nalo. Litadunda, na kwenye barabara ya vumbi breki zitachelewa kushika maana tairi halitulii chini, lakini gurudumu bado limeshikwa. Mwendo mdogo, matuta uyapande taratibu, mizigo na abiria ushushe. Linki ya stablaiza, kile kijiti cha chuma kinachosaidia gari lisiiname kwenye kona, ni hivyo hivyo. Kelele zake zinatisha kuliko ubaya wake. Gari litainama zaidi kwenye kona, basi.

Springi inataka macho. Mara nyingi hukatika duara la chini kabisa, pale inapokalia sahani yake, kwa sababu maji na matope hutuama hapo na kutu inakula chuma kimyakimya. Washa tochi ya simu utazame ncha iliyokatika imeelekea wapi. Ikiwa imebaki kwenye sahani, unaweza kusogea pole pole. Ikiwa imeteleza ikaelekea tairi au mpira wa breki, usilisogeze hata mita kumi. Ncha ile ni kali, na hulichana tairi kwa upande wa ndani, ambako dereva hana mazoea ya kutazama.

Sasa boljointi (kiungo cha gurudumu kinachogeuka ndani ya kikombe), ami ya chini (mkono wa chuma unaolishika gurudumu kwa chini) na tairodi endi (kiungo cha ncha ya fimbo ya usukani). Hapa jibu langu ni hapana, hata kama gereji unaiona ulipo. Boljointi ikichomoka, gurudumu linalala, usukani hauna tena kazi upande ule, shafti inayozungusha gurudumu inaweza kuchomoka na mpira wa breki ukakatika. Ukikatika, pedali inazama wakati ambao ndio unaihitaji. Na magari hayafanani. Kwenye IST au Vitz uzito wa mbele unabebwa na springi na shokapu, boljointi ya chini kazi yake ni kuelekeza gurudumu. Kwenye Prado za 1996 hadi 2002, boljointi ya chini imekaa kwa namna ambayo uzito wa gari unaivuta itoke kwenye kikombe chake. Mwenye Prado ile akiniambia mbele kunagonga na usukani unayumba, namwambia azime hapo hapo.

Kama hujui ni kipi, piga jeki kwenye sehemu tambarare, weka kigingi upande wa pili, wala usiingie chini. Shika tairi juu na chini ulitikise. Likicheza, mtu akukanyagie breki. Mchezo ukiisha, shuku beringi, ukibaki, shuku boljointi. Kisha shika kushoto na kulia: mchezo wa hapo mara nyingi ni wa tairodi. Tairi kutulia si hati ya usalama, maana kuna boljointi ambazo hazijionyeshi mpaka fundi azipinde kwa mtalimbo. Lakini likicheza, umeshapata jibu.

Kuna wanaosema, "Basi nitafunga kamba nivutwe." Kamba inasaidia gari ambalo injini imekufa. Hapa kilichokufa ni mguu, na ukivutwa gurudumu lile lile linazunguka barabarani, tena huku wewe na anayekuvuta mmefungana. Ikibidi liondoke, liondoke juu ya bredauni ya kubeba gari zima. Mwenye bima kubwa asome mkataba wake kabla ya kulipa mfukoni. Nyingine zinagharamia kubebwa.

Ila mara nyingi bredauni haihitajiki. Kwenye Toyota ndogo nyingi boljointi imefungwa kwa boliti na nati, na fundi akija na spea, jeki na nyundo anaibadilisha pale pale ulipokwama. Nauli ya bodaboda ya fundi ni ndogo kuliko bredauni, sembuse bei ya shafti na bodi. Baada ya hapo gari litakuja gereji lenyewe kupimwa alaimenti, yaani unyoofu wa magurudumu.

Ukinipigia, nitumie picha tatu: gari zima kutoka mbele usukani ukiwa umenyooka, nafasi kati ya tairi na bodi kushoto na kulia, na ndani ya gurudumu kwa tochi. Picha ya dashibodi usihangaike nayo. Taa ya injini haina habari na miguu.