Rijtuig: behewa la Kiholanzi na maana linazosingiziwa

Waholanzi huliita behewa la abiria rijtuig. Tamka "rei-tauh", na hiyo h ya mwisho ikwaruze kooni kama kh ya kheri. Neno lina vipande viwili, na vyote viwili hueleweka vibaya.

Dhana: rij ni "safu", kwa kuwa mabehewa hufuatana.

Inavutia kweli, maana Kiholanzi kina rij ya foleni. Ndiyo unayopanga ukienda kukata tiketi. Lakini hii ya behewa ni nyingine. Imetoka kwenye kitenzi rijden, yaani kwenda kwa farasi, kwa gari au kwa treni. Ile d imemezwa, kama inavyomezwa hadi leo mtu anaposema ik rij badala ya ik rijd. Zimefanana kwa sura tu, kama paa la nyumba na paa wa mwituni.

Dhana: tuig ni "wahuni".

Tusi hilo lipo, na huenda ukalisikia ndani ya behewa lenyewe. Ila tuig pia ni zana, vifaa, hata hatamu na mikanda anayofungwa farasi. Kwetu neno linalolikaribia zaidi ni chombo, ambalo nalo liko jikoni, kazini na baharini. Werktuig ni chombo cha kazi, vaartuig chombo cha majini, voertuig chombo cha usafiri, na vliegtuig, "chombo cha kuruka", ndiyo ndege. Kiholanzi huweka neno kuu mwisho, sisi huliweka mwanzo. Ligeuze rijtuig upate "chombo cha kwendea". Reli haimo humo.

Dhana: neno lilibuniwa kwa ajili ya treni.

Treni ililirithi. Reli ya kwanza ya Uholanzi, kati ya Amsterdam na Haarlem, ilifunguliwa tarehe 20 Septemba 1839, na rijtuig wakati huo lilikuwa gari la kukokotwa na farasi. Hata leo kodi ya magari huko huitwa motorrijtuigenbelasting, na anayeilipa huenda hajapanda treni mwaka mzima.

Dhana: rijtuig ni behewa lolote.

Mitaani watu husema wagon kwa yote, lakini wafanyakazi wa reli hutenganisha: la mizigo ni goederenwagen. Behewa letu hubeba maana zote mbili, na hapo ndipo mfasiri hunaswa. Akikutana na goederenwagen aongeze "la mizigo". Rijtuig tayari lina watu ndani.