Malipo ya kupanda miti Lindi na Mtwara: dhana potofu na ukweli

Dhana iliyoenea zaidi kuhusu miradi ya malipo kwa huduma za mazingira ni kwamba kijiji hulipwa kwa kupanda miche. Ukweli ni kwamba mnunuzi analipia huduma inayotolewa na mti uliosimama, yaani hewa ukaa (kaboni dioksidi) ulioifyonza au chanzo cha maji unachokilinda. Wahakiki huja na futi kamba, huizungusha kwenye shina katika urefu wa mita 1.3 kutoka ardhini, huandika kipimo cha kila mti ulio ndani ya eneo la sampuli, na hurudi baada ya miaka kadhaa kupima tena. Baadhi ya miradi hutanguliza fedha za kitalu na vibarua, lakini malipo yanayofuata hutegemea miti iliyo hai.

Huku kusini jambo hili lina uzito wa pekee, kwa sababu mvua zetu ni za msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei, kisha hufuata miezi mingi ya ukavu. Mche uliopandwa mvua zikielekea kukatika huingia kiangazi mizizi ikiwa bado kwenye udongo wa juu, na moto wa kusafishia mashamba ukiponyoka, kinachobaki ni safu za vijiti vyeusi. Kazi inayoleta malipo, basi, ni kupalilia, kufyeka mkanda wa kuzuia moto kabla nyasi hazijakauka, na kujazia palipokufa miche. Kazi hiyo haipigiwi picha siku ya uzinduzi, nami naona ndiyo ingestahili kutengewa fedha kwanza.

Wengine huamini kuwa kila mti utaleta fedha nyingi kila mwaka. Kipimo cha soko la hewa ukaa ni tani moja ya kaboni dioksidi. Takribani nusu ya uzito mkavu wa mti ni kaboni, na kila kilo ya kaboni ni sawa na kilo 3.67 za kaboni dioksidi. Kwa hiyo mti wenye uzito mkavu wa kilo 100 umehifadhi takribani kilo 180 za kaboni dioksidi kwa miaka yote ya uhai wake. Inahitajika miti mitano au sita ya namna hiyo kutimiza tani moja, na hapo bado hazijaondolewa gharama za uhakiki wala akiba inayotengwa kufidia miti itakayoungua. Mpingo, ambao ni fahari ya misitu yetu, hukua polepole na huchukua miaka 70 au zaidi kufikia ukubwa wa kuvunwa, hivyo mwenye kuupanda kwa matarajio ya fedha za haraka atavunjika moyo mapema.

Ipo pia dhana kwamba pasipopandwa hapalipwi. Kuanzia mwaka 2009, mradi wa shirika la uhifadhi wa misitu la TFCG na MJUMITA, mtandao wa jamii zinazosimamia misitu, uliofadhiliwa na Norway ulitekelezwa katika maeneo kadhaa, Lindi ikiwamo, na wanakijiji walipata malipo ya majaribio kwa kulinda misitu ya asili. Miti mingi ya miombo huchipua yenyewe kutoka kwenye visiki. Palipo na visiki hai, kulinda machipukizi dhidi ya moto na panga mara nyingi ni nafuu kuliko kuotesha miche kwenye viriba.

Wapo pia wanaouliza kama mikorosho yao nayo italipiwa, na jibu ni fupi. Nayo huhifadhi kaboni, lakini miradi mingi hulipia ongezeko ambalo lisingepatikana bila mradi, na mkulima wa Newala au Tandahimba hupanda mikorosho kwa ajili ya korosho, mradi uwepo usiwepo.

Hofu ya kupoteza ardhi haipaswi kubezwa. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999, ardhi ya kijiji husimamiwa na halmashauri ya kijiji kwa niaba ya wanakijiji, na kuuza huduma ya mazingira si kuuza ardhi. Hata hivyo, mkataba wa miaka 20 au 30 huzuia kulima na kuchoma mkaa katika eneo husika, na utawabana hata wale ambao leo wako shule ya msingi. Biashara ya hewa ukaa imewekewa kanuni na serikali tangu mwaka 2022. Kabla mwenyekiti na mtendaji hawajatia sahihi, mkutano mkuu wa kijiji usomewe mkataba kwa Kiswahili, kifungu kwa kifungu, hadi kila mmoja aelewe hewa ukaa ni mali ya nani, fedha zitaingia akaunti ipi, na nani atabeba hasara endapo moto utateketeza eneo ambalo limekwishalipiwa.