Dawa za saikosisi: kazi yake, muda wake, na madhara yanayodhaniwa kuwa ugonjwa

Saikosisi ni hali ya mtu kutengana na uhalisia. Anasikia sauti ambazo wengine hawazisikii, anashikilia kwamba majirani wamemtilia sumu na hakuna wa kumtoa hapo, au maneno yake yanakosa mpangilio hadi haeleweki. Dawa za saikosisi hupunguza dalili hizo. Si dawa za usingizi, ingawa baadhi husinziisha. Hazileti uraibu. Wala hazifuti ugonjwa, zinaudhibiti.

Ya kwanza ilikuwa klopromazini, iliyotengenezwa Ufaransa mwishoni mwa 1950 na kuanza kutumika kwa wagonjwa wa akili mwaka 1952 jijini Paris. Haloperidoli ilitoka Ubelgiji mwaka 1958. Zote mbili bado zinatumika sana Afrika Mashariki kwa sababu ni za bei nafuu. Zilizofuata, kama risperidoni, olanzapini, kwetiapini na klozapini, ndizo zinazoitwa kizazi cha pili.

Karibu zote huziba vipokezi vya dopamini, kemikali ambayo seli za ubongo hutumia kupelekeana taarifa. Dopamini ikizidi katika baadhi ya njia za ubongo, mambo ya kawaida hubeba maana nzito: gari lililopita linakuwa la mpelelezi, tangazo la redioni linamhusu yeye peke yake. Lakini dopamini hiyohiyo ndiyo inayoratibu misuli, na ndiyo inayozuia homoni ya maziwa isipande. Dawa haichagui njia ya kuziba. Vipokezi vikizibwa kwa takriban asilimia 65, dalili huanza kupungua. Vikipita asilimia 80 hivi, mwili huanza kukakamaa. Kwa hiyo dozi kubwa si lazima ilete nafuu kubwa, na mara nyingi huongeza madhara tu.

Hutumika zaidi kwa skizofrenia, yaani ugonjwa wa akili ambao saikosisi ndiyo dalili yake kuu, kwa ugonjwa wa bipola, ule wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi, hasa mtu anapopanda, na kwa sonona kali iliyoambatana na saikosisi. Katika magonjwa ya mishipa ya fahamu hutumika kupunguza mitikisiko ya ugonjwa wa Huntington na ile migutuko ya mwili na sauti ya Tourette. Hazitibu kifafa, klopromazini na klozapini zinaweza hata kuchochea degedege. Mgonjwa wa Pakinsoni, ugonjwa wa kutetemeka na kukakamaa, akipewa haloperidoli anaweza kuganda kabisa, na akihitaji dawa ya aina hii huchaguliwa kwetiapini au klozapini kwa dozi ndogo. Kwa wazee wenye ugonjwa wa kusahau, mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya mwaka 2005 kwamba dawa za kizazi cha pili huongeza hatari ya kifo, na mwaka 2008 ikaonya hivyo hivyo kuhusu zile za zamani. Kumpa bibi kidonge ili tu asitangetange usiku ni matumizi mabaya ya dawa.

Mtu aliyeanza kuweweseka jana au leo, fahamu zikija na kupotea, achunguzwe mwili kwanza: malaria kali, sukari kushuka, maambukizi ya ubongo, pombe iliyokatizwa ghafla. Haloperidoli inaweza kumtuliza huku malaria ikiendelea kumuua.

Kwa mtu mzima, haloperidoli ya vidonge huanza na miligramu 1.5 hadi 3 kwa siku, risperidoni na 2, klopromazini na 25 hadi 50, kisha daktari hupandisha taratibu. Fujo na kukosa usingizi hutulia ndani ya siku chache. Sauti na imani zile ngumu huchukua muda zaidi. Dozi iliyofika kiwango chake hupewa wiki 4 hadi 6 kabla ya kuamua kwamba haifai. Wengi hubadilishiwa dawa wiki ya pili, wakati dawa haijapata nafasi.

Madhara yenyewe yanapatikana katika kila kijitabu. Tatizo linalorudi vituoni ni kwamba huchukuliwa kuwa ugonjwa umezidi, au kuwa kitu kingine kabisa.

Kijana aliyechomwa sindano ya haloperidoli jana anaamka shingo imepinda, macho yamegeukia juu, ulimi unatoka. Nyumbani wanasema pepo amepanda na mganga anaitwa. Ni misuli iliyokazwa na dawa. Hutokea ndani ya saa au siku za mwanzo, hasa kwa vijana wa kiume, na kwa kawaida hufunguka upesi kwa sindano ya baiperideni miligramu 5 au promethazini 25 hadi 50. Akishindwa kupumua au kumeza, ni dharura.

Mwingine hawezi kukaa. Anatembea huku na kule, anabadilisha mguu, anasema ndani kunamuwasha. Muuguzi anaandika "amechangamka mno", dozi inaongezwa, na hali inazidi. Mpango ni kupunguza dozi, au kuongeza propranolol kidogo kwa asiye na pumu. Adha hii huwafanya watu waikimbie dawa, na wengine huwaza kujiua, kwa hiyo muulize mgonjwa moja kwa moja badala ya kumkisia kwa macho.

Wa tatu ni yule "amekuwa zezeta": uso hauchezi, mate yanamtoka, anaburuta miguu, mikono inatetemeka. Dozi imezidi mwili wake. Hupunguzwa, au huongezewa traiheksifenidili, ile inayojulikana kwa wengi kama Artane. Artane isiwe ya kudumu kwa kila mtu bila sababu: hukausha mdomo, hufunga choo, huchanganya wazee, na kuna wanaoitumia kulewa. Tena haisaidii midomo na ulimi vinavyotafunatafuna vyenyewe baada ya miezi au miaka ya matibabu, bali huweza kuzidisha. Dalili hiyo ya mwisho huenda isitoke hata dawa ikiachwa, hivyo itafutwe mapema.

Nadra lakini ya kuua ni homa kali pamoja na misuli kukakamaa, jasho jingi na fahamu kuvurugika. Huku kwetu kila homa ni malaria kwanza. Pima malaria, sawa, lakini simamisha dawa ya saikosisi na umfikishe mgonjwa hospitali siku hiyohiyo, ukimwambia daktari alichokuwa akimeza.

Olanzapini na klozapini hunenepesha na kupandisha sukari: pima uzito, kiuno, presha na sukari mwanzoni, kisha kila baada ya miezi michache. Risperidoni na haloperidoli zinaweza kusimamisha hedhi au kutoa maziwa kwa asiyenyonyesha. Si lazima iwe mimba, wala si uchawi.

Baada ya tukio la kwanza, dawa huendelea angalau miezi 12 tangu dalili zipungue, ndipo daktari aamue kuishusha polepole. Anayeacha ghafla mara nyingi hubaki mzima kwa wiki au miezi, na familia husema si mnaona, hakuihitaji. Ugonjwa ukirudi hakuna anayeuhusisha na vidonge vilivyotupwa. Kwa anayesahau kuna sindano ya flufenazini ya mafuta, miligramu 12.5 hadi 50 kila wiki 2 hadi 4. Huanza na 12.5 kwa kupima mwili, kwani ikishaingia haitolewi, na hukaa kwa wiki kadhaa. Mwenye mzio wa ufuta aseme kabla, maana huchanganywa na mafuta yake.

Klozapini huachiwa walioshindwa na dawa mbili zilizotumiwa vizuri. Vifo vilivyotokea Finland mwaka 1975 vilionyesha kwamba inaweza kuangusha chembe nyeupe za damu, kwa hiyo damu hupimwa kila wiki katika miezi ya mwanzo, na homa au koo kuuma ni sababu ya kupima siku hiyo. Kufunga choo nako kusipuuzwe, kumeua. Aliyekosa dozi kwa zaidi ya saa 48 asirudie kiwango alichoachia, bali aanze upya na miligramu 12.5.