Kupaka upya kichwa cha treni cha dizeli: mimi huanza kuangalia paa

Mtu akinionyesha modeli ya kichwa cha treni aliyoipaka upya, macho yangu huenda paani kwanza. Ubavuni wengi hujitahidi: mistari imenyooka, namba imekaa sawa. Paani ndipo anapojulikana anayejua kichwa hicho kinapita wapi na kinafanya kazi gani.

Sisi wa Mbeya hatuna kisingizio. TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, inapita hapahapa, na Uyole, karibu mita 1,790 juu ya usawa wa bahari, ndipo juu kabisa katika njia yote ya kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi New Kapiri Mposhi. Kichwa kinachofika huku na mabehewa ya mizigo kimeshapanda kutoka Mlimba hadi Makambako, mahandaki yakifuatana. Vile vya muundo wa U30C wa General Electric, vilivyoundwa na Krupp wa Ujerumani na kuanza kuja miaka ya 1980, vina tabia inayojulikana: dereva akiongeza nguvu, dizeli huingia kabla turbo, feni inayosukuma hewa ndani ya injini, haijashika kasi, na moshi mweusi hutoka kwa wingi. Ndani ya handaki moshi huo hauna pa kwenda. Unagonga dari na kurudi juu ya paa. Kwa hiyo paa safi lenye rangi ya kung'aa ni paa la kichwa ambacho hakijatoka karakana.

Modeli ninazopaka hapa ni za kipimo cha HO, yaani 1:87, ndogo mara 87 kuliko kitu halisi, na nyingi zilizo sokoni ni za vichwa vya Marekani. Usitarajie zilingane na vya kwetu bolti kwa bolti. Reli yenyewe pia haiafikiani: ya HO ina upana wa milimita 16.5, na kwa kipimo hicho inawakilisha reli ya milimita 1,435, wakati TAZARA ni 1,067. Wapo wanaobadilisha magurudumu au kuhamia kipimo cha 1:64, ambako reli hiyohiyo ya milimita 16.5 inakaribia sana 1,067. Mimi sijisumbui. Modeli nyingi hutazamwa ubavuni, na ubavuni upana wa reli hauonekani.

Kuondoa rangi ya zamani ni kazi ya subira tu. Fungua skrubu, toa ganda, vioo, taa na nyaya zake, kisha loweka ganda tupu kwenye spiriti ya isopropili na sugua kwa mswaki laini. Ile ya asilimia 70 ya famasi inafanya kazi, ila taratibu. Ya asilimia 90 na zaidi ni bora. Jaribu kwanza upande wa ndani. Thina ya magari isikaribie kabisa, maana inayeyusha plastiki ya polistirini. Nasema hivi kwa kuwa kupaka magari ndiyo kazi yangu ya mchana pale Mwanjelwa, na kila mtu anayenifuata kwa ushauri tayari ana chupa ya thina mkononi. Ukimaliza, osha kwa sabuni ya vyombo, acha likauke, na tangu hapo lishike ukiwa umevaa glavu. Mafuta ya vidole hayaonekani mpaka rangi ianze kubanduka.

Kabla ya praima, rangi ya kwanza ya kushikilia nyingine, ondoa vishikio vya plastiki vilivyoumbwa pamoja na ganda na uweke vya waya. Waya mwembamba wa gitaa, wa inchi 0.010, ni milimita 0.25 hivi, zidisha kwa 87 unapata milimita 22, unene wa kishikio halisi anachoshika dereva akipanda. Waya wa shaba wa kebo ya intaneti ni nusu milimita, unafaa kwa reli ndefu za kando ya njia ya kutembelea lakini kwa vishikio vidogo ni mnene mno. Toboa kwa keke ndogo ya mkono, tia tone la supagluu kwa ncha ya sindano. Supagluu hiyo usiitumie kwenye vioo, kwa sababu mvuke wake huviacha na ukungu mweupe usiofutika. Vioo hugandishwa kwa gundi nyeupe ya mbao.

Sasa rangi, na hapa nitakawia. Fundi wa magari amezoea rangi inayojaa. Kwenye modeli, tabaka la milimita 0.1 ni sawa na rangi yenye unene wa karibu milimita 9 kwenye kichwa halisi. Vichwa vya bolti vinazama, matundu ya kupitishia hewa kwenye radieta yanaziba, na modeli inakuwa kama peremende iliyolambwa. Punguza rangi hadi iwe na uzito wa maziwa, weka shinikizo la kompresa kati ya psi 15 na 20, pulizia kwa umbali mdogo, mara nyingi, kila mara kidogo sana. Rangi nyeupe na ya njano hutangulia, nyeusi na za giza hufuata. Ukishabandika tepu ya kuzuia, pulizia kwanza ukingoni mwake ileile rangi ya chini. Ikipenya, itapenya rangi isiyoonekana, na mstari wako utabaki mkali.

Hali ya hewa ya kwetu ina maneno yake. Masika hewa imejaa unyevu, na laka ikikauka haraka hufanya utando mweupe. Juni na Julai baridi huchelewesha kila kitu. Kiangazi kikikolea rangi ya maji hukauka kwenye ncha ya mashine ya kupulizia kabla haijafika kwenye ganda, na upepo unaleta vumbi. Mimi hupaka asubuhi kiangazi, dirisha la upande wa upepo likiwa limefungwa, barakoa usoni.

Kuhusu rangi yenyewe, tafuta picha ya kichwa kimoja mahususi na ya kipindi kimoja. Ukiitazama modeli kwa umbali wa nusu mita, ni kama umesimama mita 43 kutoka kwenye kichwa halisi, na kwa umbali huo rangi hupauka. Naongeza tone la nyeupe hata kama sampuli ya dukani inalingana na picha. Ukitaka kupiga picha zako mwenyewe, ingia stesheni uombe ruhusa. Usijifiche nyuma ya nguzo.

Kwa namba na maandishi, puliza kwanza vanishi ya kung'aa. Juu ya uso wa kukwaruza, stika ya kulowekwa kwenye maji hunasa hewa chini yake na pembeni kunang'aa kama fedha. Printa za kawaida hazina wino mweupe, kwa hiyo maandishi meupe huchapwa kwenye karatasi ya stika nyeupe, kukiwa na rangi ya ganda kuyazunguka, na hapo kulinganisha rangi ndiyo shughuli.

Uchafu wa kuigiza ni wa mwisho, na kila doa liwe na sababu. Masizi ya unga wa mkaa yaanzie kwenye bomba la moshi yakitawanyika kuelekea nyuma, kisha membamba zaidi kwenye mabega ya paa. Chini ya mdomo wa tangi la dizeli weka mchirizi mweusi unaong'aa, kwa sababu mafuta hayakauki. Fremu za magurudumu zinataka hudhurungi ya vumbi la breki, na karibu na magurudumu yenyewe upauke kidogo, maana pale ndipo mchanga unaponyunyizwa reli zikiteleza. Mvua huchora michirizi ya wima, kamwe si ya mlalo. Kutu isizidi: chuma kinachosuguliwa kila siku hakipati nafasi ya kushika kutu.

Vumbi la chini nalipata kwenye udongo halisi, uliochujwa kwa soksi ya nailoni. Ila pitisha sumaku kwanza. Udongo wetu wa volkano kutoka upande wa Rungwe una chembe za chuma, na mota ya modeli ina sumaku ndani yake: zikishaingia hazitoki. Hata baada ya hapo, udongo uishie kwenye ganda na fremu. Kumbuka pia kwamba vanishi isiyong'aa unayopuliza kuushikilia itafifisha karibu nusu ya ulichoweka, basi weka zaidi ya unavyodhani inatosha.

Vioo virudishwe baada ya vanishi hiyo. Halafu futa nyuso za magurudumu kwa pamba na spiriti mpaka pamba itoke nyeupe, kwa sababu umeme wa mota unapanda kupitia hapo, na vanishi kidogo tu inatosha kukifanya kichwa kisimame katikati ya reli.