Vita vya Mawaridi: Yanayodhaniwa Kuhusu Maisha ya Kabaila, na Yaliyotokea

Vita vya Mawaridi vya Uingereza, karne ya 15, vinapotajwa, wengi huona majeshi mawili ya koo za kifalme zilizogombea taji: moja na waridi jekundu la Lancaster, jingine na waridi jeupe la York, yakipigana mfululizo kwa miaka 30. Maisha ya John de Vere, Earl (cheo cha juu cha kikabaila) wa 13 wa Oxford, yanaivunja picha hiyo.

Tuanze na mawaridi. Waridi jeupe lilikuwa alama mojawapo tu ya York, na jekundu lilivuma hasa baada ya Henry VII kutwaa taji mwaka 1485. Askari alivaa alama ya bwana wake. Watu wa Oxford walivaa nyota, na nyota hiyo ndiyo iliyowaponza. Alfajiri ya tarehe 14 Aprili 1471, huko Barnet, kaskazini mwa London, ukungu ulitanda. Oxford, aliyepigana upande wa Lancaster, alikisambaratisha kikosi kilichomkabili, lakini watu wake wakaingia mjini kupora. Aliporudi na wale aliofanikiwa kuwakusanya, wenzao waliiona nyota ndani ya ukungu, wakadhani ni jua lenye miali, alama ya Mfalme Edward IV wa York, adui yao. Wakawamiminia mishale. Zikapigwa kelele za uhaini, safu zikavunjika, na Earl wa Warwick, kiongozi wao, akauawa akijaribu kutoroka.

Wala vita havikuwa vya kila siku. Kati ya 1471 na 1483 hapakuwa na pigano kubwa hata moja ndani ya nchi. Miaka hiyo kabaila alipambana kwa hati za ardhi, ndoa na kesi.

Husemwa pia kwamba kila ukoo ulizaliwa na upande wake. Februari 1462 baba na kaka yake Oxford walikatwa vichwa kwa amri ya serikali ya Edward. Hata hivyo miaka miwili baadaye mfalme huyohuyo alimkabidhi kijana Oxford urithi wake, naye akamtumikia. Alimwoa Margaret Neville, dada yake Warwick. Warwick alipomgeuka mfalme, Oxford naye akamfuata shemeji yake.

Dhana inayoniuma zaidi ni kwamba wanawake wa makabaila walikaa salama ngomeni wakingoja habari. Majira ya baridi ya 1472 kuingia 1473, mama yake Oxford, Elizabeth, mjane mzee, alibanwa na Richard, mdogo wake mfalme, atie sahihi kuhamisha ardhi zake. Mashahidi walieleza baadaye kwamba alitishiwa kupelekwa kaskazini, akaogopa kwamba baridi na safari vingemuua. Akasaini. Naye Margaret, mke wa Oxford, alibaki bila mali. Mwandishi wa kumbukumbu wa London anasema aliishi kwa sadaka na kazi ya sindano. Hakuna hata mmoja kati yao aliyeshika upanga.

Je, kutangazwa mhaini na Bunge, ukavuliwa cheo na mali, ulikuwa ndio mwisho wa ukoo? La. Oxford alihukumiwa hivyo mwaka 1475, wakati huo akiwa mfungwa katika ngome ya Hammes, karibu na Calais, pwani ya Ufaransa. Mwaka 1478 aliruka ukuta akatua kwenye handaki la maji, yakamfika kidevuni, lakini akabaki mfungwa. Mwaka 1484 alitoroka pamoja na mkuu wa ngome mwenyewe, wakamfuata Henry Tudor, ambaye ndiye aliyekuja kuwa Henry VII. Agosti 1485, kwenye uwanja wa Bosworth, Oxford aliongoza kikosi cha mbele. Safari hii aliamuru askari asiende zaidi ya futi 10 kutoka kwenye bendera. Richard, sasa Mfalme Richard III, akauawa, na Oxford akarudishiwa cheo na ardhi.

Hata walioshindwa siku hiyo walipata nafasi. Thomas Howard, aliyempigania Richard na kumpoteza baba yake hapohapo Bosworth, alifungwa na kuvuliwa kila kitu. Mwaka 1489 aliachiliwa, na mwaka 1514, baada ya kuwashinda Waskoti huko Flodden, alirudishiwa cheo cha baba yake cha Duke wa Norfolk.