Kufoka hakumfundishi mfanyakazi

Kwenye maghala ya asali Tabora, kama kwingineko, wasimamizi wengi huamini kuwa mtu akifokewa hujirekebisha, akisifiwa hubweteka. Wanachokiona ni kweli. Sababu wanayoitaja siyo. Siku mbovu kupindukia kwa kawaida hufuatwa na ya wastani, ufoke usifoke, na siku bora vivyo hivyo. Mwanasaikolojia Daniel Kahneman aliligundua hili kwa wakufunzi wa marubani huko Israeli.

Aliyeleta asali yenye maji zaidi ya asilimia 20 (hiyo huchacha kwa urahisi) mwite kando siku hiyohiyo. Mwonyeshe sega: livunwe likiwa limezibwa nta angalau robo tatu. Linalofuata alivune ukimtazama. Kumuumbua mbele ya wenzake humfunza kuficha ndoo mbovu, na ndoo moja ikimiminwa pipani huweza kuharibu pipa zima.